Mguu Kwanza, Ngozi Baadaye

Kabla hujaulizia bei ya ngozi, kabla hujanunua hata kopo la gundi, vua viatu usimame juu ya karatasi. Mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri unafaa kuliko karatasi ya daftari, kwa sababu ni mgumu, hauchaniki ovyo, na mguu wa mtu mzima unaenea juu yake nafasi ikabaki. Simama wima, uzito umegawanyika kwenye miguu yote miwili, macho mbele. Mwingine ndiye achore. Mguu wa aliyekaa si mguu wa aliyesimama: uzito ukishuka, upinde wa unyayo hulala kidogo, vidole hutanuka, na mguu mzima huongezeka milimita kadhaa kwa urefu na kwa upana. Penseli isimame wima, isiinamie ndani chini ya unyayo, izunguke taratibu kutoka kisigino mpaka kisigino. Fanyeni hivyo jioni baada ya shughuli, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichopimwa alfajiri hubana saa kumi na mbili ya jioni.

Mchoro ukishatoka, usiinue mguu bado. Weka alama pale dole gumba linapoungana na unyayo, upande wa ndani, na pale kidole cha mwisho kinapoungana nao, upande wa nje. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ndiko mguu unakokunjika unapotembea, na kiatu kisichokunjika hapohapo kitamtesa mwenye nacho. Weka nukta kati ya dole gumba na kidole cha pili. Kisha chukua futi kamba ya mshona nguo upime mizunguko mitatu: mmoja kwenye mstari ule wa kukunjika, wa pili juu ya mgongo wa mguu, wa tatu kutoka kisigino kupanda mbele ya kifundo na kurudi. Yaandike yote juu ya mchoro, pamoja na jina na tarehe. Halafu uanze upya na mguu wa pili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja uliouzidi mwenzake, na mwenye kushona nyumbani hana sababu ya kujifanya halioni hilo.

Hoja yangu katika sura hii ni moja, nami nitaing'ang'ania: anayejifunza kutengeneza viatu anajifunza kusoma miguu. Kushona kutakuja. Kukata kutakuja. Lakini aliyejua sindano kabla ya kujua mguu atabaki akinakili viatu vya dukani, pamoja na maumivu yake.

Tazama namba za viatu tunazozitumia kila siku. Mfumo wa Ulaya, ule wa 38, 40, 42, unahesabu theluthi mbili za sentimita kwa kila namba, na hesabu yake ni ya kalibu, lile umbo la mti au plastiki ambalo kiatu hujengwa juu yake. Namba 42 ni kalibu ya sentimita 28. Kutoka namba moja hadi inayofuata kuna karibu milimita saba, na mguu wako una haki kamili ya kuangukia katikati. Tena hiyo ni habari ya urefu peke yake. Upana hausemwi kabisa katika viatu vingi tunavyouziwa, wala kimo cha mgongo wa mguu, wala umbo la vidole. Waliokulia pekupeku, na huku kwetu ni wengi, mara nyingi wana mguu uliotanuka mbele, vidole vimeachana, wakati viatu vingi vya mitumba viliumbwa juu ya kalibu zinazochongoka kuelekea vidoleni. Mtu wa namna hiyo akiingia dukani huongeza namba ili apate upana, na akishaupata, kisigino kinapwaya.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Ana kifundo kilichochomoza penye dole gumba la kushoto, na kwa miaka amenunua viatu vikubwa kuliko mguu wake ili kifundo kipate pa kukaa. Kubadhi nililomshonea lina kanda iliyopita nyuma ya kifundo badala ya kukikanyaga, na la kushoto ni pana kuliko la kulia. Ukiyaweka mezani yote mawili utaona hayafanani. Miguuni pake yanafanana.

Wala hili la kulia na kushoto halikuwa jambo la siku zote. Ulaya, kwa muda wa karne mbili hivi mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, viatu vingi vilitengenezwa juu ya kalibu moja iliyonyooka, na mvaaji ndiye aliyekilazimisha kiatu kufuata mguu kwa kukivaa mpaka kitii. Visigino virefu vilipoingia katika mitindo, kuchonga kalibu mbili zinazotazamana kulikuwa kazi ya gharama, na mafundi wakachagua njia fupi. Watu walioishi katika zama za ustadi mkubwa wa saa na meli walikubali kuumia miguu kwa sababu ya urahisi wa karakana.

Somo la pili halina gharama pia. Tafuta kiatu kikuukuu kilichokwisha kazi, cha ngozi ukikipata, ukifumue. Usikichane. Kata uzi mmoja mmoja, ng'oa soli kwa kisu butu, panga kila kipande mezani kwa mpangilio ulivyokitoa. Utakuta soli ya nje inayokanyaga ardhi, soli ya ndani inayokanyagwa na mguu, na katikati yake kijazio cha kizibo, cha kitambaa au cha boksi tu. Utakuta kipande kigumu kilichofichwa kisigino, na kingine vidoleni, ndivyo vinavyokifanya kiatu kisimame hata kikiwa kitupu. Pengine utakuta ubamba mwembamba wa chuma chini ya upinde wa unyayo. Ngozi ya juu, ukiilaza, itakushangaza kwa umbo lake: mabawa mawili yanayokutana mbele, hayafanani na mguu hata kidogo. Umbo lile la ajabu ndilo linalokunjika kuwa kiatu. Fumua viatu vitatu vya aina tofauti na utakuwa umepata elimu ambayo maneno yangu hayawezi kukupa, kisha nenda ukakae karibu na fundi viatu wa mtaani kwenu utazame mikono yake. Mafundi hawa hushona juu ya makosa ya viwanda kutwa nzima. Wanajua kiatu hufia wapi.

Sasa ngozi, na hapa nitakawia.

Ngozi mbichi huoza. Ikikaushwa tu juani huwa ngumu kama ubao na ikilowa inaanza tena kuoza. Kinachoigeuza kuwa ngozi ya kiatu ni kuichakata kwa kitu kinachojifunga kwenye nyuzinyuzi zake na kuzizuia zisioze. Njia ya kale ni tanini, ukali ule unaokausha mdomo ukitafuna gome au ganda la ndizi mbichi. Ukifika Njombe unaona chanzo chake kwa macho: mashamba ya miwati, mti uliotoka Australia, ambao magome yake yana tanini nyingi. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya miti hiyo, magome yakichemshwa na kukamuliwa ili dawa yake iuzwe kwa viwanda vya ngozi vya nchi za mbali. Ngozi iliyopitia dawa ya magome hutoka na rangi ya hudhurungi, imara, na ina tabia moja inayomfaa mno anayejifunza: ukiilowesha hulegea na kukubali umbo, na ikikauka hulishika umbo lile. Soli ya ndani ya ngozi hii, ikivaliwa kwa wiki kadhaa, hubonyea pale mguu unapokanyaga kwa nguvu na kuwa ya mtu mmoja peke yake.

Njia ya pili ni chumvi za kromu, iliyoenea viwandani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kazi inayochukua wiki kwenye mashimo ya magome huisha kwa siku chache. Ngozi ya kromu ni laini, hunyumbulika, haiogopi maji sana, na ndiyo iliyo kwenye viatu vingi vya kufunika unavyoviona barabarani. Kwa ngozi ya juu ni nzuri. Kwa soli ya ndani ya mwanafunzi haifai, kwa sababu hailishiki umbo.

Muuzaji hatakuambia kila mara ni ipi, kwa hiyo jifunze kuijua mwenyewe. Tazama ukingo uliokatwa: kromu mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu inayoelekea buluu katikati, ya magome ni kahawia toka juu hadi chini. Dondosha tone la maji: ya magome hulinywa na kupiga weusi mahali pale. Omba kipande kidogo, ukifika nyumbani kitumbukize kwenye maji yanayochemka. Ya magome hujikunja na kusinyaa papo hapo, ya kromu iliyochakatwa vizuri hukaa kimya.

Ukishajua aina, igeuze ngozi upande wa nyama uisome. Kwenye mstari wa uti wa mgongo ndiko ngozi iliko imara na ambako hainyumbuki sana. Kuelekea tumboni inalegea na kuvutika. Kanda za makubadhi zikatwe kwa kufuata urefu wa mgongo, la sivyo baada ya mwezi mmoja zitakuwa zimerefuka na mguu unaogelea. Soli zikatwe karibu na mgongo, matako ya ng'ombe yakiwa bora kuliko shingo. Tumbo likae kwa mambo madogo. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba lakini ina nguvu, inafaa kwa ngozi ya juu na kwa bitana. Ya kondoo ni laini na hupendeza mkononi, ila nyuzi zake zimeachana na huchanika upesi.

Utakutana pia na makovu: vidoa vya kupe, mikwaruzo ya miiba, mikato ya kisu cha mchunaji mwenye haraka, na chapa kubwa ya moto ubavuni. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi, na inaniuma kuona chapa inavyochomwa katikati ya ubavu, mahali ambapo ngozi ingetoa jozi kadhaa za viatu, wakati ingeweza kuchomwa chini ya goti. Mwanafunzi wa nyumbani, hata hivyo, anaweza kununua ngozi yenye kasoro kwa bei ya chini na kukata vipande vyake akizikwepa. Panga karatasi za vipimo juu ya ngozi yote kabla ya kugusa kisu. Zungusha, sogeza, panga tena.

Kiatu cha kwanza kiwe kubadhi. Najua wengi wanatamani buti tangu siku ya kwanza, lakini kubadhi lina kila somo muhimu ila moja, na hilo moja tutalifikia. Isitoshe, ni ufundi wenye heshima katika pwani yetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa mafundi wake wa ngozi, na makubadhi ya mwambao yalivaliwa na watu waliokuwa na uwezo wa kuchagua.

Chukua mchoro wa mguu uongeze milimita tano kuzunguka pande zote na kumi mbele ya vidole. Lainisha mistari ili ipendeze macho, lakini usiibe upana wa vidole kwa ajili ya urembo. Kata soli ya ndani kwenye ngozi ya magome yenye unene wa milimita tatu hadi nne. Zana hazina haja ya kuwa nyingi: kisu kifupi chenye makali ya kweli, nyundo ya uso laini, msharasi, sindano mbili butu, nta, ubao wa kukatia. Makali ya kisu ndiyo nisiyokubali yapunguzwe. Kisu butu hudai nguvu, na mkono unaotumia nguvu ndio unaoteleza.

Matundu ya kanda ndiyo akili ya kubadhi. Gidamu, ukanda ule wa kati ya vidole, itoke penye nukta uliyoiweka, ikielekea kidogo upande wa dole gumba ili isikate ngozi nyororo ya kidole cha pili. Kanda za pembeni zitokee nyuma kidogo ya mstari wa kukunjika, zisiwe juu yake, maana ngozi inayokunjwa mahali ilipotobolewa hupasuka hapo. Ukitaka kubadhi lenye mshipi wa kisigino, kanda ya nyuma ianzie mbele ya kifundo cha mguu, ipande kwa mshazari. Pitisha kanda zote, vaa soli ile, simama, tembea chumbani, vuta kanda hii, legeza ile. Jipe muda. Hakuna hatua nyingine ambapo kosa ni rahisi kusahihishwa kama hapa. Ukiridhika, weka alama kwa kalamu kila kanda inapozama kwenye tundu.

Chini ya soli, ncha za kanda zitalala kati ya ngozi mbili, na ukiziacha na unene wake utazikanyaga kama kokoto kila hatua. Kwa hiyo zipunguze kwa kisu kilicholazwa mpaka ziishe kuwa nyembamba kama karatasi, na chini ya soli ya ndani chimba kitanda kifupi cha kila ncha kulala. Kazi hii huipitia wengi haraka. Mguu hauisahau.

Kuhusu gundi nitasema kwa ukali. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, huachwa kama dakika kumi au zaidi mpaka ikiguswa haishiki kidole, ndipo vipande hukutanishwa na kupigwa nyundo. Katika dakika hizo kinachotoka ndani yake ni mvuke wa viyeyushi, na mvuke huo una historia chungu. Katika miaka ya 1960 mafundi wa sendozi nchini Japani walipatwa na kufa ganzi na udhaifu wa miguu na mikono kwa sababu ya heksani iliyokuwa kwenye gundi. Katika miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy wa Istanbul alionyesha jinsi mafundi viatu wa mji ule walivyokuwa wakiugua saratani ya damu kutokana na benzini iliyokuwamo kwenye gundi waliyoitumia katika vyumba visivyo na hewa. Paka gundi nje, barazani, upepo ukikupita. Watoto wasiwepo karibu, wala moto, wala jiko. Funika kopo kila mara. Chumba cha kulala si mahali pake hata kama mvua inanyesha; subiri mvua iishe.

Gundi ikishashika, mshono ndio unaobeba dhamana. Uzi mmoja wa kitani au wa poliesta, uliopakwa nta ya nyuki, na sindano kila ncha. Urefu wa uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono, au zaidi kidogo kwa soli nene. Toboa tundu kwa msharasi, pitisha sindano ya kulia, katika tundu hilohilo pitisha ya kushoto, vuta zote mbili kwa nguvu zilizo sawa. Matundu yaachane milimita nne au tano. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi, moja ikikatika ya pili inaachia. Mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, tundu la kabla na la baada bado yameubana uzi. Upande wa chini wa soli chimba mfereji mwembamba wa kulaza uzi, usije ukasagwa na changarawe kabla ya wiki kwisha.

Soli ya nje si lazima iwe ngozi. Katambuga, au akala kama zinavyoitwa Kenya, zimewafikisha wafugaji na wasafiri mbali kwa soli ya tairi, na soli ile huishi muda mrefu ajabu. Tafuta tairi lisilo na waya za chuma ndani, kwa sababu waya zitaharibu kisu na baadaye zitachoma mguu. Ukikata mpira chovya kisu kwenye maji ya sabuni. Mpira mkavu hung'ang'ania chuma, uliolowa huachia. Mimi napenda kuunganisha vyote viwili: soli ya ndani ya ngozi inayojifunza mguu, na ya nje ya tairi inayostahimili kokoto.

Sasa lile somo moja ambalo kubadhi halina. Kiatu cha kufunika kinahitaji kitu cha kusimama badala ya mguu wakati unakijenga. Zamani sana mguu wenyewe ulitosha. Mwaka 2008, katika pango la Areni nchini Armenia, wanaakiolojia walipata kiatu cha miaka 5,500 hivi, kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe kilichozungushwa mguuni na kufungwa kwa kamba za ngozi mbele na nyuma, ndani kimejaa nyasi. Jaribu kitu cha namna hiyo kwa ngozi laini ya mbuzi iliyoloweshwa: ifunge mguuni, ibane kwa mikono, uone inakokunjamana. Mikunjo ile itakuonyesha kwa nini kalibu iliumbwa.

Kalibu si sanamu ya mguu. Ukingo wake wa chini umekatwa kwa pembe kali ili ngozi ipate pa kugeukia. Mbele imeinuka kidogo kutoka sakafuni, kwa sababu soli ngumu haikunjiki kama unyayo. Na urefu wake unauzidi mguu kwa sentimita moja hadi moja na nusu ili vidole vipate pa kwenda mguu unapoteleza mbele. Waweza kununua jozi ya kalibu zilizotumika karibu na vipimo vyako, kisha ukabandika vipande vya ngozi mahali mguu wako ulipozidi na kuvipiga msasa mpaka vilingane na mizunguko yako mitatu. Njia hiyo ndiyo ninayoishauri. Anayetaka kuchonga mwenyewe atafute mti uliokauka sawasawa usiojipinda. Mninga una sifa hiyo, ingawa bei yake inauma.

Kuvuta ngozi juu ya kalibu ndiko kiini cha ufundi wote. Ngozi ya juu iliyokwisha kushonwa huloweshwa kidogo, ikalazwa juu ya kalibu ambayo chini yake umepigilia soli ya ndani. Koleo huuma ukingo mbele kabisa, huvuta, msumari mdogo ukashika. Kisha upande mmoja wa mstari wa kukunjika, kisha wa pili, kisha kisigino. Misumari hiyo ya mwanzo ikikaa sawa, kiatu kimeshaonyesha sura yake. Inayobaki ni mikunjo ya vidoleni, ngozi nyingi isiyo na pa kwenda, na hapo unavuta kidogo kidogo, unagawa mkunjo mmoja mkubwa kuwa midogo kumi, unapunguza kwa kisu, unagonga mpaka usoni pasionekane alama.

Kazi hiyo ilishinda mashine kwa muda mrefu. Katika mji wa Lynn, Massachusetts, kitovu cha viatu cha Marekani ya karne ya 19, cherehani zilikuwa zimekwisha kuchukua kushona, lakini kila kiatu kilisubiri mikono ya wavutaji, na fundi hodari alimaliza kama jozi 50 kwa siku. Aliyeitegua ile kazi alikuwa Jan Ernst Matzeliger, aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, mama yake akiwa mwenye asili ya Afrika. Aliingia viwandani Lynn akiwa mgeni mwenye Kiingereza kidogo, akatazama vidole vya wavutaji, akajenga mashine kwa vipande vya mbao na vyuma alivyookota. Alipata hataza tarehe 20 Machi 1883, na mashine yake ikaja kuvuta mpaka jozi 700 kwa siku. Alifariki mwaka 1889 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 36. Kila ninaposhika koleo namfikiria, kwa sababu mashine ile ilitoka katika kutazama mikono kwa makini, na ndicho ninachokuomba ukifanye.

Kwa buti la kwanza usiende kwenye mshono mgumu wa utepe unaozunguka soli. Geuza ukingo wa ngozi nje badala ya ndani, uulaze juu ya soli kama ukingo wa sahani, ushone moja kwa moja kupita tabaka zote. Viatu vya veldskoen vya kusini mwa Afrika, vyenye asili katika viatu vya Wakhoikhoi, hushonwa hivyo, na buti la jangwani ambalo kampuni ya Clarks ya Uingereza ilianza kuliuza mwaka 1950 hufuata njia hiyohiyo. Mshono unaonekana, unafikika, na soli ikiisha unaufumua na kushona nyingine nyumbani. Kiache kiatu juu ya kalibu mpaka kikauke kabisa, wiki nzima au zaidi, kivulini. Ukikivua mapema ngozi hurudi ilikotoka.

Ukishaweza kubadhi la mtu mzima, watoto wa nyumbani watajileta wenyewe na miguu yao. Wapime kwa uangalifu kuliko ulivyojipima. Mguu wa mtoto una gegedu nyingi bado, hubonyezwa na kiatu kibaya bila yeye kulalamika. Na pekupeku kuna hatari zake: viluwiluwi vya safura hupenya ngozi ya unyayo kwenye udongo wenye unyevu, na funza, aliyeletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini hadi Ambriz, Angola, mwaka 1872, alivuka bara zima mpaka pwani yetu kabla ya karne ile kwisha, naye bado yupo. Mwachie mtoto milimita kumi na mbili mbele ya vidole, usizidishe kwa kutaka kivaliwe mwaka mzima, maana kiatu kinachoburura humwangusha. Weka mshipi wa nyuma wenye bizimu na matundu ya akiba, gidamu usiiweke kabisa kwa wadogo, kanda mbili pana za mbele zinatosha. Mchore upya kila baada ya miezi mitatu. Kanda zikiwa bado nzima, zing'oe uzihamishie kwenye soli mpya.